Vans Old Skool ya Skeiti: Raba Iliyolelewa na Wavaaji Wake

Jamani, zimefika! Sina subira ya kuzivaa msimu mzima ndipo niandike. Naandika sasa hivi, boksi likiwa wazi mezani na raba moja ikiwa mkononi. Ni Vans Old Skool, toleo la skeiti: turubai nyeusi, suedi nyeusi puani na kisiginoni, mstari mweupe unaojipinda ubavuni, kibandiko chekundu nyuma. Old Skool za kawaida nimezishika nyingi. Ziko sokoni Karume belo la raba likifunguliwa, ziko miguuni mwa wanafunzi wa vyuo, ziko kwenye video za muziki kuanzia Dar hadi Nairobi. Hili la skeiti ndiyo kwanza nalishika, na moyo unanidunda.

Kinachonipagawisha ni hiki: karibu kila kipande cha raba hii kiliombwa na mtu aliyekuwa akiivaa, na kampuni ikamsikia. Vans ilianza kama kiwanda cha familia huko Anaheim, California, mwaka 1966. Katika mwaka wa fedha wa 2022 mauzo yake yalipita dola bilioni 4. Ukitaka kujua ilifikaje huko, usianze na vitabu vya hesabu. Igeuze raba, utazame soli.

Mchoro wa soli ni wa almasi ndogo ndogo, lakini pale mbele, mguu unapokunjika, kuna mistari iliyoongezwa hadi vikatokea vyumba vyumba. Soli za kwanza za Vans zilikuwa na almasi peke yake, na zikawa zinapasuka pale pale penye mkunjo. Wakaongeza mistari, tatizo likaisha, na mchoro huo umebaki hadi leo. Zaidi ya nusu karne! Kuna kampuni zinazobadilisha soli kila msimu ili zipate neno la kuandika kwenye tangazo. Hawa walipata jibu wakatulia nalo.

Nilimpelekea fundi viatu wa mtaani kwetu aione, maana jicho lake nalitegemea kuliko la mtangazaji yeyote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lete hapa."

Aliikunja pua hadi ikagusana na kamba, akaiachia, akaikunja tena. Kisha akapitisha ukucha taratibu pale turubai inapokutana na ule utepe mweupe wa mpira unaozunguka kiatu kizima.

"Hii haikubandikwa tu," akasema. "Mpira umepikwa pamoja na kitambaa. Ukitaka kuubandua, kitambaa ndicho kitachanika kwanza. Soli ikiisha, usiniletee niibadilishe, nitaiharibu."

Ndivyo hasa! Raba ya namna hii hufungwa utepe wa mpira mbichi kuzunguka turubai na soli, kisha kiatu kizima huingizwa kwenye tanuri. Joto na salfa iliyochanganywa kwenye mpira huufanya uive na kuwa kitu kimoja na ulichokizunguka: mgumu wa kustahimili, laini wa kukunjika. Ni ufundi wa zamani, wala Vans hawakuuvumbua. Walichofanya ni kuweka mpira mnene kuliko washindani wao, na kushona kwa uzi imara, kwa sababu mwenye kampuni alikuwa mtu wa kiwandani kabla hajawa mtu wa dukani.

Mtu huyo ni Paul Van Doren, aliyezaliwa mwaka 1930 na kukulia karibu na Boston. Shule aliiacha darasa la nane. Alikuwa akishinda kwenye viwanja vya mbio za farasi, hadi mama yake akachoka akampeleka kufanya kazi katika kiwanda cha raba cha Randy's, ambako alianza kwa kufagia sakafu. Akapanda, ngazi kwa ngazi, mpaka uongozi wa juu. Kampuni ikamtuma California pamoja na mdogo wake James kunusuru kiwanda kilichokuwa kinakula hasara. Wakakinusuru. Baada ya hapo Paul akaaga, akaungana na James, na Gordon Lee, na Serge D'Elia, wakaanzisha Van Doren Rubber Company.

Wazo lake lilikuwa jepesi na la kijasiri. Mtengeneza viatu wa wakati ule aliuza kwa jumla na kubakiwa na senti chache kwa kila jozi, faida yote ikaenda kwa wenye maduka. Paul akasema: tutengeneze wenyewe, tuuze wenyewe. Kiwanda nyuma, duka mbele. Tarehe 16 Machi 1966 wakafungua mlango kwenye namba 704 East Broadway, Anaheim, bei zote zikiwa chini ya dola 5. Rafu zilijaa maboksi, na maboksi yalikuwa matupu! Walikuwa na sampuli tu. Kampuni husimulia kwamba wateja 12 waliagiza asubuhi ile, viatu vikatengenezwa siku hiyo hiyo, na jioni wakarudi kuvichukua. Kumbe hakuna aliyekumbuka kuweka chenji kwenye droo. Paul akawaambia wachukue viatu, pesa walete baadaye. Wote walirudi kulipa.

Nimesoma visa vingi vya mwanzo wa kampuni, na hiki nakipenda kwa sababu kinaonyesha tabia. Aliyewaamini wateja siku ya kwanza ndiye aliyewasikiliza miaka iliyofuata. Mteja alipolalamika kwamba rangi ya waridi ya kwenye rafu haijakolea, jibu lilikuwa: lete kitambaa chako, tutakushonea. Kiwanda kipo nyuma, shida iko wapi? Shule zikaja kutaka rangi za timu zao. Wasichana wa kushangilia michezo wakaja. Na hata kabla ya kampuni hii, akiwa bado Randy's, Paul alikutana na Duke Kahanamoku kwenye mashindano ya mawimbi Huntington Beach. Huyo ndiye Mhawaii bingwa wa Olimpiki wa kuogelea aliyeieneza duniani michezo ya ubao wa mawimbi. Duke alikuwa amevaa shati la Hawaii lenye maua, na Paul akamtengenezea raba za kitambaa kama cha shati lake. Raba na ufukwe zilishikana mikono hapo.

Sasa njoo kwenye kola. Weka kidole ndani ya raba, pale inapouzunguka mguu chini ya kifundo. Kuna godoro. Kwenye toleo hili la skeiti limejaa zaidi, unasikia kabisa kisigino kikikaa mahali pake na kutulia. Raba ya kwanza ya Vans, mtindo namba 44 ambao leo unaitwa Authentic, haikuwa na godoro lolote. Turubai tu na soli. Godoro lililetwa na watoto wa mabwawa makavu.

Hapa lazima nikae kidogo, maana hii ndiyo sehemu inayonisisimua kuliko zote. Skeiti ilizaliwa na watu wa mawimbi waliotaka kuteleza siku ambazo bahari imelala. Kwa miaka mingi magurudumu yalikuwa ya udongo mgumu, yakikwama kwenye kokoto ndogo tu unaanguka kifudifudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Frank Nasworthy akaanza kuuza magurudumu ya yurethani, yanayoshika lami na kumeza mtikisiko, na ghafla kila kitu kikawezekana. Huko Santa Monica, kwenye duka la mbao za mawimbi la Zephyr, vijana wakali walianza kuteleza barabarani kama walivyoteleza majini: magoti yamekunjwa, mwili umeinama, kiganja kinapapasa zege walivyozoea kupapasa ukuta wa wimbi. Tony Alva, Stacy Peralta, Jay Adams, msichana mmoja kati yao Peggy Oki. Walipokwenda kwenye mashindano ya Del Mar mwaka 1975 sare yao ilikuwa fulana za buluu za Zephyr na Vans za buluu. Hakuna ofisi ya matangazo iliyopanga hilo. Walizivaa kwa sababu soli yake inashika ubao na bei yake iliwezekana kwa kijana wa mtaani.

Kisha ukaja ukame wa California wa 1976 na 1977. Maji yakabanwa, mabwawa ya kuogelea ya matajiri yakaachwa makavu, na yale mabwawa ya California yana kuta zilizojipinda kama wimbi lililogandishwa. Vijana wakaruka uzio. Wakateremka, wakapanda ukuta wa upande wa pili, wakafika ukingoni, na hatimaye wakaupita ukingo na kutoka hewani, ubao mkononi, kisha wakarudi chini salama. Kutoka nje ya ukuta! Ndiko yalikotokea yale maneno Off the Wall yaliyoandikwa kwenye kibandiko chekundu cha raba ninayoshika.

Vans walifanya nini? Waliwasikiliza watoto hawa. Mwaka 1976 Alva na Peralta walisaidia kubuni mtindo namba 95, unaoitwa Era: kola yenye godoro, ili kifundo kisiumie mguu unapogonga ubao, na rangi mbili tofauti kwenye kiatu kimoja. Stacy Peralta alipewa dola 300 avae Vans akiwa ziarani duniani. Dola 300! Lakini kuna jambo jingine lililowashika watu hawa zaidi ya pesa. Mteleza skeiti huburuza mguu mmoja kusimamisha ubao, kwa hiyo raba moja huisha wakati mwenzake bado nzima. Maduka ya Vans yalikubali kuwauzia mguu mmoja mmoja. Fikiria ukubwa wa jambo hilo kwa kijana mwenye sarafu chache mfukoni, na uniambie kama angewahi kuisahau kampuni hiyo.

Mwaka mmoja baadaye, 1977, ndipo ikazaliwa Old Skool yenyewe, mtindo namba 36. Ilikuwa raba ya kwanza ya Vans kuwekewa ngozi, na ukiichunguza utaona ngozi imewekwa kwa akili: puani, kisiginoni, na kwenye matundu ya kamba. Ni zile sehemu zinazokula msuguano. Juu ya ubao wa skeiti hubandikwa karatasi ya msasa ili mguu usiteleze, na msasa huo huo hula turubai bila huruma. Mbinu ya olii, ile ya kuruka na ubao bila kuushika, ambayo Alan Gelfand wa Florida aliianzisha mwishoni mwa miaka ya 1970, ilipoenea, mambo yakawa makali zaidi: ili ubao unyanyuke lazima uburuze ubavu wa mguu wa mbele juu ya msasa. Kila mruko ni mkwaruzo. Pasipo suedi, kidole cha mwisho kingechungulia nje mapema.

Na ule mstari? Hapo nakubali kwamba hakuna mteja aliyeuomba. Paul aliuchora mwenyewe, mchoro wa kupitisha muda kwenye karatasi, kisha akauweka ubavuni. Leo ukiuona kwa mbali, hata kiatu chenyewe kikiwa kimechakaa, unajua ni nini. Kwenye raba yangu ni ngozi nyeupe iliyoshonwa kwa mishono miwili sambamba, na nimeifuatilia kwa kidole kutoka kwenye kamba hadi chini: hakuna mshono uliochepuka. Hakuna! Kwa raba inayotengenezwa kwa mamilioni, hilo linanifurahisha sana.

Mwaka 1978 ikafuata Sk8-Hi, inayofunika kifundo cha mguu, kwa waliochoka kugongwa na ubao. Kisha ikaja ile yenye vyumba vya drafti, nyeusi na nyeupe, isiyo na kamba. Chanzo chake ni kilekile. Steve, mtoto wa Paul, aliona wanafunzi wanachora vyumba vya drafti kwa kalamu kwenye utepe mweupe wa mpira. Akaona: kama wanajichorea, tuwachoree. Mwaka 1982 Sean Penn akavaa raba hizo katika filamu ya Fast Times at Ridgemont High, akiigiza kijana wa mawimbi anayeitwa Jeff Spicoli. Filamu ikapendwa, na kampuni iliyojulikana zaidi California ikajikuta inaulizwa Marekani nzima.

Hapo ndipo ilipojikwaa. Paul alikuwa amekaa pembeni na James ndiye aliyeongoza. Akataka kushindana na wakubwa wa viatu vya michezo: raba za mpira wa kikapu, za besiboli, za mieleka, hadi za kuruka na parachuti. Kila mchezo ukawa na kiatu chake, na hakuna hata mmoja kati ya wachezaji hao aliyekuwa ameiomba Vans kitu. Mwaka 1984 kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Paul akarudi. Akafuta ile mitindo, akabana matumizi, akawaambia wafanyakazi kwamba nyongeza ya mishahara haitakuwepo kwa muda, na kampuni ikalipa madeni yake, yapata dola milioni 12. Walirudi kwenye raba za turubai na kwa watu waliozipenda. Mwaka 1988 ikauzwa kwa dola milioni 74.4.

Kuuzwa kwa kampuni ni mambo ya mawakili, sikai hapo sana. Ninachotaka ni Half Cab, maana kisa hiki kingetosha peke yake kunifanya niipende Vans. Mwaka 1989 walimtengenezea mteleza skeiti Steve Caballero raba yake, ndefu, ya kufunika kifundo. Nzuri kabisa. Lakini skeiti ilikuwa inahama kutoka kwenye mabwawa kwenda mitaani, kwenye ngazi na vyuma vya mikono, ambako mguu unataka uhuru wa kuzunguka. Vijana wakachukua mkasi. Wakaikata raba mpya katikati, wakafunga pindo kwa utepe wa gundi, wakaendelea. Caballero alipoona hivyo naye akaikata ya kwake. Sasa wewe ungekuwa mwenye kampuni ungefanyaje, ukiona bidhaa yako bora inachanwa na mkasi? Vans walitoa raba iliyokatwa tayari. Mwaka 1992 ikatoka Half Cab, nusu ya urefu, na hadi leo inauzwa.

Mambo ya baadaye yalikwenda kasi. Viwanda vya California vilifungwa katika miaka ya 1990, uzalishaji ukahamia nje. Lebo ndani ya raba yangu inasema Vietnam. Waliofanya kazi kwenye viwanda vya Orange na Vista walipoteza ajira, na siwezi kuandika kwa furaha yote hii bila kuwataja, kwa maana mikono yao ndiyo iliyojenga jina. Ziara ya muziki ya Warped, iliyoanza 1995, ikabeba jina la Vans na kuzipeleka raba hizi kwa wapenzi wa panki. Mwaka 2001 kampuni ikagharimia filamu ya kumbukumbu ya Dogtown and Z-Boys, iliyoongozwa na Stacy Peralta, yule yule wa dola 300. Mwaka 2004 kampuni kubwa ya mavazi ya VF ikainunua Vans kwa dola milioni 396. Watu wa mawimbi hawakuachwa nyuma pia: kwa miaka mingi jina la Vans lilikuwa kwenye mashindano makubwa ya Hawaii, na Huntington Beach, ufukwe ule ule alikokuwa Duke na shati lake la maua.

Na nguo? Ndiyo, maana leo Vans inakuvisha kichwa hadi mguu. Ndani ya mzigo wangu kulikuwa na fulana pia: nyeusi, pamba nzito, maandishi madogo kifuani, mchoro mkubwa mgongoni. Nimeivuta kola, inarudi. Nimeipindua ndani nje, mshono wa begani umefunikwa kwa utepe, usikwaruze shingo. Mabega ni mapana, mikono mirefu kidogo, inaning'inia vile vijana wanavyotaka iningʼinie, na ukiinua mkono tumbo halionekani. Mtu wa skeiti ananyanyua mikono muda wote kutafuta mizani, kwa hiyo hata hapa kuna sababu. Suruali zao zina kitambaa kinene na nafasi gotini. Jaketi zao nimezitamani, ila kwa joto la Dar nitawaachia ndugu zangu wa Njombe na Limuru. Hata hivyo nguo zilifuata raba, na nadhani zitaendelea kufuata. Ukiondoa jina kwenye fulana, inabaki fulana nzuri. Ukiondoa jina kwenye raba hii, bado utaijua.

Turudi kwenye raba, maana kuna vitu vipya na sijavisema! Toleo la skeiti lilianza kuuzwa 2021, likachukua nafasi ya lile lililoitwa Pro. Kwa macho ni Old Skool ile ile. Tofauti zimejificha. Ingiza mkono ndani puani, utasikia chini ya suedi kuna ngozi ya pili ya mpira, wanaiita DuraCap. Suedi ikiliwa na msasa, mkwaruzo unakutana na mpira kabla haujafika kwenye soksi. Soli ya ndani, PopCush, inatoka. Nimeitoa, nimeikanyaga peke yake sakafuni, inabonyea na kurudi papo hapo. Mpira wa soli ya nje una mchanganyiko wao, SickStick, na nilipoisukuma raba juu ya vigae vya sebuleni iligoma kuteleza, ikatoa mlio. Ulimi umefungwa pande zote mbili kwa mikanda ya lastiki. Wanaovaa Old Skool za kawaida wanajua ulimi unavyopenda kuhamia upande. Huu hauhami.

Nimetoka nazo nje. Saa za kwanza suedi ni ngumu na kisigino kinabana, halafu jioni raba inaanza kuujua mguu. Iko bapa, haina mwinuko wowote wa kukusukuma mbele, na ndivyo inavyotakiwa, maana anayesimama juu ya ubao anataka kuusikia ubao. Wewe wa kukimbia asubuhi Barabara ya Barack Obama, hii si yako, tafuta ya mbio. Wewe wa kusimama kutwa, kutembea sokoni, kupanda bodaboda na kushuka, utafurahi. Ni nzito kidogo kuliko Old Skool ya kawaida, nami uzito huo naupenda, unaniambia kuna kitu ndani.

Nilichowaza nikiwa nazo miguuni ni vijana wa Kitintale, Kampala, waliojijengea uwanja wao wa skeiti wa zege katikati ya miaka ya 2000, na watoto wa kituo cha Shangilia pale Kangemi, Nairobi, wenye uwanja wao pia. Kwa mteleza wa California raba ikitoboka anavuka barabara kununua nyingine. Kwetu duka la skeiti haliko kila kona, raba nyingi zinakuja kwa belo zikiwa zimeshavaliwa na mtu mwingine, na ile mpya inatakiwa idumu. Tabaka lile la mpira chini ya suedi linamfaa mtoto wa Kangemi kuliko yeyote. Nawaomba Vans wawaangalie hawa kwa jicho lile lile lililowaona watoto wa Santa Monica. Mauzo yao yameshuka tangu kile kilele cha 2022, na huku kuna vijana wanaoteleza kila jioni ambao hawajaulizwa wanataka kiatu gani.

Paul Van Doren alifariki Mei 2021, akiwa na umri wa miaka 90, muda mfupi baada ya kitabu cha maisha yake, Authentic, kutoka. Toleo hili la skeiti lilianza mwaka huo huo.

Kwa hiyo ununue ipi? Kama unapanda ubao, au unataka raba ya kuvaa kila siku bila huruma, chukua hii ya skeiti, na chukua nyeusi, maana suedi nyeupe na vumbi letu havipatani. Mguu wako ukiwa mpana, panda nusu saizi. Kama unataka ya kupendeza tu wikendi, Old Skool ya kawaida inatosha na ni nyepesi. Na kama uko Karume na winga, yule dalali wa sokoni, akakuletea moja kutoka kwenye belo, fanya alivyofanya fundi wangu: ikunje pua mpaka iguse kamba, kisha pitisha ukucha kwenye utepe mweupe. Ukinyanyuka, mrudishie. Ukishikilia, anza kupatana bei haraka, kabla mimi sijafika!